Ukurasa wa Nchi Kongwe

Ofisini walimwita Bi Nukta, tena mbele ya uso wake, naye aliitika. Alikuwa na jicho la kuiona nukta iliyosahauliwa mwisho wa sentensi hata kama karatasi imeshikwa na mtu mwingine upande wa pili wa meza, juu chini. Alikuwa mhariri mkuu wa kampuni ndogo ya kuchapisha vitabu vya shule. Kampuni hiyo ilianzishwa na marehemu baba yake, na mkurugenzi wake sasa alikuwa mdogo wake wa kiume, aliyenyonya naye ziwa moja.

Mwaka ule walikuwa wanatayarisha kitabu cha maswali ya watoto. Watu wa kampuni walipita shuleni, wakawaomba wanafunzi waandike swali lolote linalowanyima raha. Wakaandika, tena bila kuona haya. Kwa nini maji ya bahari yana chumvi? Samaki hulala saa ngapi? Nani alianzisha shule, na je, alikamatwa? Lakini kulikuwa na swali moja lililorudi kutoka karibu kila shule, limeandikwa kwa kila namna ya mwandiko: nchi gani ndiyo kongwe kuliko zote duniani?

"Hilo jepesi," alisema Mchoraji, mwanamume mnene aliyevaa miwani ya kusomea juu ya kipara kama kofia. "Misri. Nachora piramidi, tunakwenda zetu kula."

"Misri ipi?" aliuliza Bi Nukta.

"Kwani ziko ngapi?"

"Ile ya wafalme walioiunganisha zaidi ya miaka elfu tano iliyopita, au hii yenye bendera ya juzi? Katikati hapo imetawaliwa na wageni chungu nzima. Lugha imebadilika, dini imebadilika. Ni nchi ileile, au ni nyumba ileile yenye wapangaji wapya?"

Mchoraji alishusha miwani puani. "Basi Uchina."

"Uchina imevunjika na kuungwa mara ngapi?"

"Japani, basi. Si wana ukoo mmoja wa wafalme tangu enzi na enzi?"

"Wanasimulia hivyo. Lakini wafalme wa mwanzo wanajulikana kwa masimulizi tu, ushahidi haupo. Halafu kuna San Marino, imezungukwa na Italia pande zote, nayo inasema ilianza mwaka wa mia tatu na moja, na haijafunga duka tangu siku hiyo."

"Kijinchi kidogo hivyo nacho kinataka ukubwa?" Mchoraji alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Wewe Bi Nukta, swali la mtoto umeligeuza kesi ya mirathi!"

Walibishana karibu juma zima. Walibishana wakipanga kurasa, wakabishana wakinywa chai, na mpika chai naye akaingia na Uhabeshi yake akaitetea kama mtu anayetetea timu. Bi Nukta alikuwa hajafurahia kazi hivyo kwa muda mrefu. Mwishowe alifunga mlango wa chumba chake akaandika. Aliandika kwamba hakuna awezaye kulijibu swali hilo kwa neno moja, kwa sababu watu hawajakubaliana nchi ni kitu gani. Ukihesabu tangu watu walipoanza kuwa chini ya serikali moja, wengi watakutajia Misri. Ukihesabu ukoo wa watawala usiokatika, wengine watakutajia Japani. Ukihesabu bendera na uhuru, nchi nyingi, yetu ikiwemo, zina umri wa babu yako. Na ardhi yenyewe ilikuwepo kabla ya majina yote hayo. Akamalizia hivi: *Sasa wewe unaona nchi ni nini? Muulize mwenzako, mbishane vizuri.*

Sentensi hiyo ya mwisho aliipenda kama mtoto wa kumzaa. Ilikuwa ndiyo kazi yake yote kwa maneno machache.

Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. "Dada, mtoto kauliza swali, nawe unamrudishia swali? Mzazi ananunua kitabu apate jibu."

"Jibu nimempa. Jibu ni kwamba inategemea."

"Na sisi? Sisi tuko wapi hapa?"

"Tumo. Kwenye zile zenye umri wa babu yako."

Mkurugenzi hakucheka. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi katika chumba cha dada yake, akamweleza. Mgeni rasmi siku ya kuzindua kitabu angekuwa Mheshimiwa. Huyu alikuwa mkubwa mmoja serikalini ambaye, kila alipoona kipaza sauti, alitangaza kwamba nchi yetu ndiyo kongwe kuliko zote ulimwenguni. Sababu yake ilikuwa kwamba katika kilima fulani kulichimbuliwa vigae vya vyungu vya kale sana. Ingependeza, alisema Mkurugenzi, ingependeza sana, kama kitabu kingesema hivyo hivyo.

"Vigae ni vya vyungu," alisema Bi Nukta. "Aliyevifinyanga hakujua kama yuko nchi hii au ile. Hakuwa na bendera yule, alikuwa na njaa."

"Ni ukurasa mmoja tu, dada."

"Basi uache. Si ni mmoja tu?"

Mkurugenzi aliinuka, akapiga funguo kiganjani. "Sawa. Nimekusikia."

Bi Nukta alirudi kwenye kazi yake akiwa na amani. Mtu aliyesoma kila neno kwa makini maisha yake yote, siku ile hakulisoma neno alilotupiwa na nduguye. Kusikia si kukubali.

Ndugu hawa wawili walikuwa na yao ya tangu zamani. Bi Nukta ndiye kifungua mimba. Tangu alipokuwa sekondari alikuwa akitoka shule anakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha baba yake, kilichonuka wino na gundi, wanasoma pamoja kurasa za majaribio. Baba anasoma kwa sauti, yeye anafuata kwa kidole. Mdogo wake alikuwa nje anacheza mpira. Baadaye mdogo alipelekwa kusoma biashara ng'ambo, na dada akabaki kwenye wino. Baba alipofariki, ukoo ulikaa. Baba mdogo akakohoa, akasema kiti cha baba hukaliwa na mtoto wa kiume, ndivyo ilivyo, hakuna ubaya. Mama alikuwa palepale, hakusema neno. Bi Nukta alisubiri aseme, na alipoona hasemi, akasema yeye mwenyewe: "Sawa." Mumewe, fundi wa majokofu, mtu asiye na maneno mengi, alimuuliza siku ile walipokuwa wanarudi nyumbani, "Ni sawa kweli?" Naye akamjibu kwa ukali kwamba kama si sawa asingesema sawa. Tangu hapo hawakulizungumza tena.

Siku ya uzinduzi vitabu vililetwa asubuhi kutoka kiwandani, vikapangwa bohari katika maboksi. Bi Nukta alishuka peke yake, akafungua boksi la juu, akatoa kitabu kimoja, akakinusa kama alivyokuwa akifanya baba. Alifurahia jalada. Alifurahia jina lake pale mbele, chini ya neno Mhariri. Kisha akafunua kurasa mpaka kwenye swali la nchi kongwe.

*Nchi yetu ndiyo kongwe kuliko zote duniani. Wataalamu wamethibitisha.*

Alidhani amekosea ukurasa. Akarudi nyuma, akaja mbele tena. Palepale. Baada ya wataalamu kuliandikwa habari za vigae, mistari michache ya kubabaisha, na mahali pa sentensi yake ya mwisho paliwekwa neno moja na alama ya mshangao: *Jivunie!* Nyuma ya ukurasa kulikuwa na picha nzima ya mzee mwenye ndevu nyeupe, amejifunga bendera, na nchi nyingine zote zimechorwa kama watoto wadogo wamekaa chini miguuni pake.

Damu ilimpanda kichwani mpaka akasikia masikio yanavuma. Wataalamu gani? Yeye ndiye angemkata alama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kuandika "wataalamu wamethibitisha" bila kumtaja hata mmoja, na sasa neno hilo lilikuwa limekaa ndani ya kitabu chenye jina lake, likiwasubiri watoto.

Alipanda ngazi hadi kwa Mchoraji, akamwekea kitabu juu ya picha aliyokuwa anaichora, rangi ikiwa bado mbichi.

Mchoraji alikitazama, akavua miwani. "Mkurugenzi aliniambia wewe unajua."

"Ukaamini?"

Mchoraji alifuta miwani kwa shati. Halafu akasema, "Niliamini kwa sababu ilinifaa kuamini."

"Umekaa nami meza moja juma zima! Umebishana nami mpaka mate yakakukauka! Halafu unanichorea babu na bendera?"

"Nina watoto wanasoma, Bi Nukta."

"Na hawa watakaokisoma ni watoto wa nani?"

Hakungoja jibu. Juu ya meza ya Mchoraji kulikuwa na kisu cha kukatia karatasi, kile chembamba chenye wembe wa kubadilisha. Alikichukua, akashuka nacho bohari, akajifungia.

Alianza na boksi la juu. Alikuwa anajua kukata karatasi; baba alimfundisha kwamba kitabu ukikikata kwa hasira kinararuka, kwa hiyo ushike pumzi, uvute mara moja, uache pumzi. Akavuta. Ukurasa ulitoka safi, na picha yake nyuma, na kitabu hakikudhurika popote. Akachukua kingine. Kingine tena. Hasira yake yote ilishuka kwenye vidole, ikatulia pale, ikafanya kazi. Vile vizee vyenye bendera vilirundikana sakafuni. Alimaliza boksi, akalifunga vizuri kwa gundi, akalirudisha mahali pake, akashika la pili. Hakuwa na mpango. Angeulizwa unafika wapi na kazi hii, asingejua la kusema. Alijua tu kwamba kila kitabu kilichopita mikononi mwake hakingemdanganya mtoto.

Alikuwa amefika mbali kiasi mlango ulipogongwa, ukagongwa tena, kisha ukafunguliwa na ufunguo wa akiba. Mkurugenzi aliingia amevaa suti mpya. Alitazama sakafu.

"Dada, umerukwa na akili?"

"Wataalamu gani?"

"Nini?"

"Umeandika wataalamu wamethibitisha. Nitajie mmoja. Mmoja tu, nikuachie vitabu vyako."

"Wageni wanaanza kufika ukumbini, wewe unaniuliza mambo ya wataalamu! Unajua unaharibu nini hapa? Hii ni nyumba ya baba!"

"Usimtaje baba!" Sauti yake iligonga kuta za bohari ikarudi. "Baba aliwahi kuchoma kitabu kizima, kilichokwisha kuchapwa, kwa sababu ya mto mmoja kuandikwa unaelekea upande usioelekea. Wewe ulikuwa wapi? Mpirani! Mimi ndiye niliyemsaidia kuchoma. Leo unanitajia baba, na jina langu umelibandika juu ya uongo bila hata kuniambia?"

"Nilikwambia. Hukutaka kusikia."

"Hukuniambia. Ulisema umenisikia!"

Wakati huo mama yao alikuwa ameingia. Alikuwa amepitia ofisini waende naye ukumbini, amevaa nguo yake ya heshima, mkoba mkononi. Alitazama karatasi zilizozagaa, akamtazama mwanawe wa kiume anayetokwa jasho ndani ya suti, kisha akamgeukia binti yake. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwomba mwenzake asogee kidogo kwenye benchi.

"Mwanangu, wewe ndiye mkubwa. Mkubwa jalala. Meza tu, yaishe."

Bi Nukta aliweka kisu chini, maana aliogopa mkono wake.

"Jalala," alisema. "Nimekuwa jalala tangu sijang'oka meno ya utoto, mama. Akivunja kikombe, mimi mkubwa, ninyamaze. Akipelekwa ng'ambo, mimi mkubwa, nielewe. Lakini siku ile mlipokaa kugawa kiti, nilikuwa mwanamke. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka nani alitangulia kuzaliwa. Sasa niambieni leo, tena mbele yangu: ndani ya nyumba hii mkubwa ni nani? Au ukubwa wangu huonekana siku ya kumeza tu?"

Mama alifungua mkoba wake, akatazama ndani, akaufunga.

"Kumbe haya yote ni kwa sababu ya kiti," alisema Mkurugenzi taratibu, na usoni pake pakaingia ahueni, kama mgonjwa aliyeambiwa ugonjwa wake una dawa.

Bi Nukta angeweza kukana. Angesema hapana, ni kwa sababu ya ukweli, ni kwa sababu ya watoto. Lakini hakuwa mtu wa kuacha sentensi nusu.

"Ni kwa sababu ya kiti, na ni kwa sababu ya ukurasa. Hasira ni yangu mwenyewe, nitaigawa nipendavyo."

Dereva alikuwa anapiga honi nje. Mkurugenzi aliamuru maboksi yapakiwe yote haraka, ila lile lililokuwa wazi mbele ya dada yake. Hakujua kwamba yaliyofungwa vizuri kule juu nayo yalikwisha kupita kwenye kisu. Bi Nukta aliona yanavyobebwa. Angeweza kusema. Alijipangusa vumbi, akajifunga kitambaa chake kichwani, akapanda gari lilelile na mama yake.

Ukumbi ulijaa walimu, wazazi, na watoto waliopangwa mistari ya mbele na sare zao. Mheshimiwa alifika akiwa amechelewa, kama ilivyo kwa wakubwa, akapigiwa makofi kwa kufika. Mkurugenzi alifungua boksi jukwaani kwa mkasi uliofungwa utepe, akatoa kitabu cha juu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mheshimiwa alisimama kwenye kipaza sauti.

"Nimeambiwa humu mna jambo nililolisema mimi miaka yote, wakanicheka," alisema. Watu wakacheka kwa adabu. "Leo limeandikwa. Ngoja niwasomee wanangu hawa." Akalamba kidole, akafunua. Akafunua tena. Akarudi kwenye orodha ya yaliyomo, akaipata namba, akaenda kwenye namba, ikawa haipo. Kipaza sauti kilisikika kikinasa pumzi zake.

"Mkurugenzi," alisema, "ukurasa wangu uko wapi?"

Mtoto mmoja alicheka, na watoto wote wakamfuata. Mkurugenzi alinyakua kitabu kingine ndani ya boksi, akapekua, akanyakua cha tatu. "Mheshimiwa, tuwie radhi, haya ni... haya ni makosa ya kiwandani. Watu wa kiwandani wametuangusha."

Bi Nukta alikuwa amekaa mstari wa tatu. Alikuwa amejiambia hatasema kitu, ukurasa umekwisha toka, inatosha. Lakini aliposikia watu wa kiwandani, watu waliokesha kwenye mashine wakatoa kazi isiyo na doa, wanabebeshwa mzigo na mtu aliyevaa suti, aliinuka.

"Si makosa ya kiwandani. Nimeukata mimi."

Vichwa vyote viligeuka. Mama yake alimshika upindo wa nguo, naye akauchomoa polepole.

"Mimi ndiye mhariri wa kitabu hiki. Ukurasa ule ulisema nchi yetu ndiyo kongwe kuliko zote, na kwamba wataalamu wamethibitisha. Hakuna mtaalamu aliyethibitisha. Nilichoandika mimi kilikuwa kingine, kikabadilishwa nikiwa sijui."

Mheshimiwa aliinamisha kichwa upande mmoja. Alikuwa na tabasamu la kumvumilia mtoto. "Kwa hiyo wewe, mama, ndiye unayeamua umri wa nchi?"

"Hapana. Mimi siamui, nawe huamui. Ndicho nilichowaandikia watoto."

"Hujivunii nchi yako?"

"Najivunia. Ndiyo maana sitaki ichekwe."

Tabasamu la Mheshimiwa lilibaki mdomoni, machoni likaondoka. Aliweka kitabu mezani, akatazama saa, akasema kuna kikao kinamsubiri. Alishuka jukwaani na wapambe wake nyuma, na soda zikabaki mezani zimefunguliwa. Mkurugenzi alimkimbilia hadi kwenye gari. Aliporudi, dada yake alikuwa bado amesimama palepale. Alimwambia mbele ya mama, mbele ya Mchoraji, na mbele ya yeyote aliyetaka kusikia: kesho usije kazini.

"Sitakuja," alisema Bi Nukta. "Ila ukikichapa tena kile kitu, jina langu litoe."

Alilitoa. Kitabu kilirudi kiwandani, kikatoka na mzee wake na bendera yake, na mbele kikaandikwa jina la Mkurugenzi kama mhariri. Kiliingia shuleni. Bi Nukta alifungua kazi ya kusahihisha maandishi ya watu nyumbani, kwenye chumba ambacho mumewe aliondoa majokofu mabovu ampishe. Kila alipopita mtoto wa sare barabarani na mkoba mgongoni, aligeuza uso, kwa maana alijua ndani ya mkoba ule mna nini. Ilikuwa hasira isiyo na pa kwenda. Alifoka kwa wauza mboga, alifoka kwa redio. Mumewe aliacha kumuuliza kama ni sawa. Alikuwa anamletea chai, anaiweka, anatoka.

Binti ya Mkurugenzi alikuwa na miaka kumi na moja, na ugomvi wa wakubwa haukumzuia kupita kwa shangazi yake akitoka shule. Siku moja alikuja na kitabu chenyewe. "Shangazi, hawa wataalamu ni akina nani? Nataka kuwaandika kwenye kazi ya nyumbani."

Bi Nukta alijizuia kadiri alivyoweza, akashindwa. Hakumsema baba wa mtoto. Alimpa tu ukurasa wa zamani, ule alioandika mwenyewe, akamwambia asome, kisha akamwacha abishane na fundi wa majokofu mpaka jua likaanza kushuka.

Muhula ulipokwisha, mtihani ulikuja na swali hilo: taja nchi kongwe kuliko zote duniani. Mtoto akaandika kwamba inategemea nchi ni kitu gani, akaeleza vizuri, mistari ikamwishia akaendelea pembeni. Akapigwa mkasi, ile alama nyekundu ya kukosa. Alipouliza kwa nini, mwalimu alimfungulia kitabu, akamwonyesha jina la baba yake, darasa likaangua kicheko. Alipoendelea kuuliza, akatolewa nje kwa ubishi. Akasimama ukutani mpaka kengele.

Jumamosi yake Mkurugenzi alifika kwa dada yake. Hakupiga hodi vizuri. "Umemfundisha nini mwanangu?"

Bi Nukta alisimama, kalamu nyekundu mkononi, na yale yote aliyokuwa anayafokea redioni yakampata mwenyewe. "Nimemfundisha kuuliza! Wewe ndiye uliyemfundisha kupigwa mkasi! Kitabu chako kimemtoa mwanao nje ya darasa, kikamsimamisha ukutani kama mwizi, halafu unakuja kwangu na viatu vyako vya kung'aa kuniuliza nimemfanya nini? Nenda kamuulize Mheshimiwa wako!"

"Mheshimiwa hapokei simu zangu," alisema Mkurugenzi. "Tangu siku ile."

Alibaki kwenye kizingiti. Uso ulikuwa umemshuka. "Mwanangu aliniuliza mezani, mama akiwepo. Baba, ulijuaje? Nikamwambia wataalamu. Akasema wataalamu gani? Ilikuwa kama nakusikia wewe kule bohari. Sikuwa na jina la kumtajia, dada. Tangu juzi hasemi nami. Anajibu 'ndiyo' na 'hapana', basi."

Bi Nukta hakumkaribisha kiti.

"Nipe ule ukurasa wako," alisema Mkurugenzi. "Chapa ijayo utarudi ulivyokuwa. Neno kwa neno. Na jina lako nitalirudisha mbele."

"Ukurasa chukua. Jina langu liweke chini ya ukurasa huo tu, kurasa nyingine zina mhariri wake. Lakini kabla ya chapa, Jumatatu nenda shuleni. Mwambie mwalimu kwamba mtoto hakukosea, kitabu ndicho kilichokosea. Mwambie mbele ya darasa."

"Mbele ya darasa?"

"Alitolewa nje mbele ya nani?"

Mkurugenzi alipokea karatasi, akaikunja, akaikunjua, akaona haifai kukunjwa. "Na kazini? Utarudi lini?"

"Sirudi."

"Hata kwa ajili ya mama?"

"Mama anajua ninapokaa."

Jumatatu jioni mtoto alikuja anakimbia, mkoba unampiga mgongoni, akasimulia kabla hajakaa. Baba alikuja kweli. Alisimama mbele kwenye ubao akitokwa jasho, akasema kitabu kimekosea na yeye ndiye aliyekosea. Mwalimu naye, kwa kutaka kumsaidia au kwa kutaka kumkomoa, akamuuliza: basi, bwana, nchi kongwe ni ipi? Na baba akasema, "Sijui." Darasa zima likapiga makofi, shangazi, hata wale waliocheka.

Bi Nukta alicheka mpaka akashika meza. Mumewe alitoka jikoni kuona kulikoni, akasimuliwa naye upya. Lakini mtoto alipotoa salamu za bibi yake, kwamba sasa mambo yamekwisha, kwa hiyo Jumapili waje wale pamoja kama zamani, kicheko kilikatika.

"Mwambie bibi nimezipokea salamu zake," alisema. "Mwambie siku atakaponijibu lile nililomuuliza bohari, nitakuja. Kabla ya hapo, sina njaa."

"Ulimuuliza nini?"

"Anajua mwenyewe. Wewe mpelekee hivyo hivyo, usipunguze wala usiongeze."

Mtoto aliurudia ujumbe kwa sauti ya chini, neno kwa neno, ili usimpotee njiani, akatoka. Bi Nukta alivuta kiti, akasogeza mswada wa mtu uliokuwa unamsubiri, akaanza kuusoma tangu mwanzo, kidole kikifuata mstari.